Betri ya Ubaoni

Kila alipotoka shule, Chiriku alimkuta mama yake amesimama mbele ya ubao, vumbi la chaki hadi kwenye nyusi. Jina la Chiriku alipewa na majirani, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Mama yake alikuwa mwanafizikia. Hakushika waya wala nyundo. Alipiga hesabu za chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, akitafuta kama zikijazwa nishati kwa pamoja zitajaa upesi kuliko zikijazwa mojamoja. Huenda siku moja hesabu hizo zingezaa betri ya kujaa kufumba na kufumbua.

Hilo "huenda" Chiriku alilimeza. Kinyozi, jirani yao, aliposema betri ya mashine yake ya kunyolea imechoka na anakwenda kununua nyingine, msichana huyo alidakia, "Usinunue, mjomba. Mama ameshamaliza ya kwake. Nimeiona kwa macho yangu." Kinyozi akaahirisha.

Alasiri moja umeme ukakatika. Betri ya kinyozi nayo ikazima. Punde hodi ikasikika kwa kina Chiriku. Alikuwa kinyozi, na nyuma yake bwana mmoja mwenye shuka shingoni, nusu ya kichwa inang'aa, nusu msitu.

"Mama Chiriku, tumekuja kuazima ile betri."

"Betri gani?"

"Usinifiche, jirani. Hata kama haijapakwa rangi, tutaitumia hivyohivyo."

"Jioni hii naonana na wakwe mara ya kwanza," yule bwana akaongeza kinyonge.

Mama akautazama ubao, kama mtu aliyeombwa maji naye ana picha ya kisima tu. "Niliyonayo ni hii hapa," akasema. "Haiwashi hata balbu."

Macho yote yakamgeukia Chiriku. "Sikuiona," akasema. "Nilidanganya, mjomba. Nilitaka mjue mama yangu ni mtu mkubwa."

Kinyozi akakaa kizingitini. "Muda wote huu nawaambia wateja wavumilie." Hakufoka, na hilo lilimuuma Chiriku zaidi. "Sasa itakuwa tayari lini?"

"Sijui," mama akajibu. "Pengine nikiwa mzee. Pengine isiwe kabisa."

Hapakuwa na la kufanya ila kusogeza kiti dirishani. Kinyozi akaleta mkasi na wembe, Chiriku akashika kioo mpaka mikono ikafa ganzi. Kichwa kikatoka na mabonde mawili matatu.

"Nitawaambia wakwe ni mtindo," bwana akasema, akijipapasa.

"Waambie umeme ulikatika," kinyozi akamjibu. "Uongo umetosha kwa leo."

Walipoondoka, Chiriku alifagia nywele bila kuambiwa.

"Mwanangu," mama akasema, "mimi kila siku nasema sijui mbele ya ubao huu, na sioni aibu. Aibu ni kumwambia mtu kitu kipo, akaacha kujitafutia. Kesho utakwenda kwa kinyozi. Mteja akiuliza betri, utamjibu wewe."

"Niseme bado haipo?"

Mama akafikiri. "Sema haipo. Hiyo 'bado' hata mimi sina hakika nayo."