Ukuta Uliovishwa Koti

Kila asubuhi mama mwongoza wageni alivaa viatu vyake vya mpira akatoka. Aliwazungusha wageni kisiwani. Kwanza pango la popo, kisha msitu wa mikoko, mwisho nyumba kuukuu ya ukoo wake. Ukutani palikuwa na maua ya nakshi. Chini ya maua palikuwa na alama ya kiganja cha babu wa babu yake, fundi aliyeyachonga.

Mumewe alikuwa mwashi hodari. Majirani walimwita Saruji, naye jina alilipenda. Alipoona ukuta umeanza kubanduka, hakungoja kuombwa. Aliupiga lipu ya saruji kuzunguka maua yote.

"Sasa hauanguki hata kwa shoka," alijisifu.

Miezi mitatu baadaye ukuta ulilowa. Mvua haikunyesha, wala bomba halikuwepo. Ua moja lilidondoka mbele ya wageni. Kiganja nacho kikaanza kupasuka.

"Mbona hivi?" Saruji aliduwaa. "Si nimeweka saruji ya kutosha?"

"Labda uliweka kidogo," mkewe alisema.

Saruji akaongeza tabaka jingine. Ukuta ukazidi kulowa. Sasa wote wawili hawakujua washike lipi. Mke alilia waziwazi.

"Kiganja hiki kikianguka, watoto wetu nitawaonyesha nini?"

Wakamwita jirani yao mchoma chokaa, mama mzee waliyemwita shangazi. Aligonga ukuta kwa nyundo ndogo, akasikiliza.

"Nani kauvisha huu koti la mvua?"

Saruji akatazama viatu vyake. "Mimi, shangazi."

"Huu ni ukuta wa mawe na chokaa, mwanangu. Unanyonya unyevu wa ardhini, kisha unautoa nje polepole. Chokaa inaupitisha. Saruji inauziba. Unyevu ukikosa njia, unabaki ndani na chumvi yake, unaula ukuta."

"Lakini saruji ni ngumu zaidi!"

"Ndiyo. Kwenye nyumba zako za matofali, endelea nayo. Hapa inaua."

"Kwa hiyo nilipoongeza..."

"Ulimziba pua mgonjwa wa mafua."

Mke alicheka huku machozi hayajakauka.

Waliibandua saruji kwa patasi, kidogo kidogo. Waliuacha ukuta ukauke wiki nyingi. Kisha wakachanganya chokaa na mchanga uliooshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Saruji alipaka tabaka nene, shangazi akamkosoa.

"Nyembamba, baba! Halafu funika kwa magunia yenye maji, isikauke haraka."

Leo ukuta ni mkavu, na kiganja kipo. Ua lililoanguka halikurudi. Wageni wakifika kwenye pengo lake, mama humpisha mumewe, naye husogea mbele na kipande cha saruji mkononi.

"Ua la hapa nililiangusha mimi," huwaambia. "Kabla ya kutengeneza nyumba ya kale, uliza kwanza imejengwa kwa kitu gani."

Majirani bado wanamwita Saruji. Siku hizi huitika kwa sauti ya chini.