Kadi Kutoka Ng'ambo ya Mpaka

Kila asubuhi kabla ya shule, binti yule alichota madumu mawili ya maji, akafagia uwanja, kisha akawa mdomo wa mama yake. Mama alijua lugha ya jamii yao ya wafugaji tu, kwa hiyo dukani na ofisini binti ndiye aliyetafsiri. Wenzake walimwita Mkalimani.

Walihamia mji huu wa mpakani baada ya mvua kukosekana misimu mitatu na kisima chao kukauka. Malisho yao ya zamani wakoloni waliyakata kwa mpaka: wao wakabaki huku, bibi akabaki kule.

Asubuhi moja mama alirudi kutoka kwa bibi na mtoto wake mchanga mgongoni, anachemka homa. Siku hiyo Mkalimani hakwenda shule, wakaenda zahanati.

"Ni malaria kali," nesi alisema baada ya kupima damu. "Muulize mama, amepewa dawa yoyote?"

"Mwambie alichomwa sindano alfajiri kule kwa bibi yako," mama alijibu kwa lugha yao. "Dawa zikawaishia, wakasema tuendelee huku. Kadi ninayo."

Mkalimani alikumbuka maneno ya rafiki yake bombani: "Wakiona karatasi ya kule, mtarudishwa kwenu." Naye alikuwa amemjibu, "Kwetu ndiyo wapi?"

"Anasema hajapewa kitu," alitafsiri.

Nesi akavuta dawa kwenye bomba la sindano. "Haya, mshike mguu."

Mkalimani akaushika. Pajani palikuwa na alama ndogo ya sindano, bado nyekundu.

"Dada, ngoja. Nimekudanganya."

Akaeleza yote, akamwomba mama ile kadi. Nesi akaweka sindano chini, akaisoma kadi polepole.

"Dawa ni ileile. Ningemzidishia. Inayofuata ni jioni, mtalala hapa."

Jioni nesi alimchoma mtoto, akaandika kwenye kadi ileile, chini ya mwandiko wa mwenzake wa kule. Kulipokucha homa ilikuwa imeshuka, na mtoto alikuwa akinyonya kwa pupa.

"Mwanangu," nesi alimwambia Mkalimani, "mpaka uliwakuta wazee wenu hapo hapo. Kuwa na ndugu pande zote mbili si kosa, na hapa hatumfukuzi mgonjwa. Lakini mimi natibu kwa kile ninachoambiwa. Ukificha kweli kwa woga, anayeumia ni huyu asiyeweza kusema. Sasa mtafsirie mama, usipunguze neno."

Mkalimani akatafsiri yote, hata pale alipotajwa yeye.