Hatua za Bibi

Niambie, ukisikia hatua unazozijua na nje hakuna kitu, utafungua mlango?

Rafiki yangu Raili hakufungua. Alikuwa amejifungia na kaka yake, Tauno, katika kibanda cha kupigia picha dubu, msituni Kuhmo, kaskazini ya mbali, jioni ya Juni isiyoingia giza. Miaka tisa alikuwa akimpiga picha dubu jike mmoja kilema. Kule msituni dubu hatajwi kwa jina, kwa hiyo walimwita Bibi. Mwaka huu Bibi hakuonekana, na Raili alitaka tu kujua kama yu hai.

“Atakuja,” Tauno alisema. “Nimemmwagia samaki wa samoni ndoo nzima.”

“Ulisema hivyo juzi na jana, kaka. Tafuta uongo mwingine, huu umechakaa.”

Ndipo wakasikia hatua tatu, kisha mguu ukiburutwa. Raili alitabasamu, akaweka jicho kwenye kamera. Nje kulikuwa na mwanga mweupe na samoni ambao hawajaguswa. Hatua zilizunguka kibanda, zikaingia gizani chini ya mbao za sakafu, zikakoma chini ya kiti cha Tauno. Kisha ikaanza pumzi, nzito, ya taratibu.

“Tauno, chini ya sakafu kuna nini?”

Baba yao aliwafundisha wote wawili kwamba fuvu la dubu aliyeuawa hutundikwa juu ya msonobari, ili roho yake ipate kurudi kwao. Tauno aliinua miguu yake kutoka sakafuni.

“Bibi alimuua mbwa wangu,” alisema. “Nilimpiga risasi Septemba, bila kibali. Fuvu ningelitundika, watu wangeliona. Nililizika hapa.”