Betri Nyepesi ya Mzee Silvesta

Kila jioni Mzee Silvesta aliingia ndani ya gari lake na kufunga mlango. Hakuwa na safari. Gari lilikuwa limesimama uani kwake, Kasokola, na kuku walipita chini yake wapendavyo. Aliwasha redio, akaegemea kiti, akasikiliza salamu za watu asiowajua. Mtu wa Songea anamsalimu shangazi yake wa Tanga. Silvesta aliitikia kwa kichwa, utadhani shangazi ni yeye.

Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu. Hapo ndipo alipokuwa akikaa mkewe, Generosa, kabla hajafariki. Ndani ya nyumba kimya kilimshinda mzee. Ndani ya gari angalau palikuwa na mtu anayeongea.

Lilikuwa gari la mashindano, dogo, jekundu, la milango miwili. Zamani Silvesta alikuwa dereva wa tajiri mmoja huko Arusha, mtu aliyependa sana mbio za magari. Tajiri alipozeeka, alimwachia dereva wake gari hilo. Pale Kasokola, kwenye baiskeli na mikokoteni, lilikuwa kama jogoo aliyepotea njia.

Betri yake ya zamani ilipokufa, Leodgar, rafiki yake wa Arusha, alimtumia nyingine kwa treni. Silvesta aliinyanyua kwa mkono mmoja, akacheka.

"Hii ni betri au mkate?"

Lakini alipoifunga, gari liliwaka mara moja. Basi akaacha kuidharau.

Jumatano moja, Pontien, mfanyakazi wa treni, alifika na ujumbe wa mdomo. Ulitoka kwa Dina, binti pekee wa Silvesta. Dina aliolewa Tabora na Manyanda, kijana wa Kisukuma mwenye ng'ombe. Silvesta hakumtaka mkwe huyo. Harusini hakwenda. Tangu siku ya kumzika mama yake, Dina hakukanyaga tena Kasokola.

"Amesema hivi," Pontien alieleza. "Atakuja na treni ya Jumamosi. Ukienda kumpokea mwenyewe stesheni Mpanda, atajua nyumbani bado ni nyumbani. Asipokuona, atageuza na treni hiyo hiyo."

Pontien alipoondoka, mzee alikwenda moja kwa moja kwenye gari. Akazungusha ufunguo.

Tik.

Akazungusha tena. Tik. Kisha hata hiyo tik ikakata.

Mpanda ni mbali kwa miguu. Goti lake bovu lisingeweza baiskeli. Magari ya abiria yalipita kwa kubahatisha. Na Dina alisema aende mwenyewe, siyo kutuma mtu.

Alhamisi asubuhi aliing'oa betri akaiweka juu ya bati, juani. Betri ndogo za redio zikichoka, watu wa Kasokola huzianika hivyo, nazo huimba tena kidogo. Adhuhuri aliishusha. Ilikuwa ya moto kama sufuria, lakini gari halikusema kitu. Akaamua kuiongezea maji, kama betri zote alizowahi kuzijua. Akatafuta vifuniko vya juu. Hakuna. Akachukua bisibisi ili aitoboe.

"Baba Dina! Weka chini hiyo bisibisi!"

Alikuwa Skolastika, jirani yake. Mama huyu alikuwa na mashine ya kusaga, na kwa injini hiyo hiyo alichaji betri za watu. Umeme wa magari alijifunza chuo cha ufundi. Tangu msiba, Silvesta alikuwa akimwitikia kwa mbali tu, bila hata kumkaribisha kiti.

"Leodgar amenipiga changa la macho, dada Skola," mzee alilalamika. "Betri nyepesi hivi! Haina kitu ndani."

"Nyepesi siyo mbovu. Hizi hutengenezwa kwa magari ya mashindano, ili gari lipungue uzito. Tena hii imezibwa kiwandani, haiongezwi maji. Ukiitoboa umeiua, na tindikali yake inaweza kukuunguza macho. Na juani uliiweka ya nini?"

"Ipate moto."

Skolastika alicheka mpaka akashika ukuta. "Moto wa betri na moto wa jua wapi na wapi! Joto linaizeesha tu." Kisha akauliza, "Gari unaliendesha?"

"Mara moja moja."

"Na redio unasikilizia wapi?"

Silvesta alitazama chini. Aliona aibu. "Humo ndani."

"Injini ukiwa umezima?"

"Sasa nikiiwasha, niende wapi, dada Skola? Niende kwa nani?"

Safari hii Skolastika hakucheka. Alivuta kigoda, akakaa.

"Sikiliza. Betri hii ni kama mtungi mdogo wenye mdomo mpana. Ukiuinamisha, maji yanatoka kwa nguvu, mara moja. Nguvu hiyo ndiyo inayowasha injini. Lakini maji yenyewe ni machache. Injini ikiunguruma, inaujaza tena mtungi. Wewe unachota kila jioni, hujazi. Redio imekunywa maji yote."

"Kumbe naiua mwenyewe."

"Unaiua kwa upweke, Baba Dina. Kila jioni nasikia redio yako. Nilidhani unapenda kukaa peke yako."

"Nani anapenda?" alisema Silvesta. Akamweleza habari ya Jumamosi.

Skolastika alisimama. "Lete betri."

Aliichaji polepole, kwa moto mdogo wa umeme. Alieleza kwamba betri ndogo haichajiwi kwa moto mkubwa wa betri ya lori, maana itaungua ndani. Ilikaa pale mashineni Alhamisi mchana na Ijumaa kutwa. Silvesta naye alikaa pale pale. Wanawake waliokuja kusaga mahindi walimsalimia, naye aliitikia. Wengine alikuwa amesahau majina yao, wakamkumbusha kwa kumtania.

Ijumaa jioni waliifunga garini. Betri ilikuwa ndogo kuliko kitako chake, pale inapokalia, ikacheza. Skolastika aliibana kwa vipande vya mbao na mpira wa tyubu.

"Na barabara yetu hii, betri isiyobanwa itarukaruka mpaka ipasuke," alisema. "Waya wa chanya funga kwanza, wa hasi mwisho. Ukifungua, hasi ndiyo inatoka kwanza. Na chanya ifunike, isiguse bati la boneti."

Halafu akaichomoa redio yenyewe. Pakabaki tundu.

"Hii inahamia nyumbani. Nitakuazima betri yangu ya lori. Hiyo nzito ndiyo ya kusikilizia redio. Iweke barazani penye hewa, mbali na jiko. Ikipungua moto, niletee kabla haijakauka kabisa."

"Nitaibebaje, na goti hili?"

"Utaita watu, Baba Dina. Sisi tupo."

Jumamosi gari liliwaka mara moja. Silvesta alifika stesheni mapema. Treni ikachelewa. Jua lilipanda, naye alikaa peke yake garini. Mkono ulikwenda kwenye redio, ukaingia kwenye tundu. Kimya kile kilimuuma. Je, kama Dina hakupanda? Je, kama amebadili nia? Aliomba Mungu, akangoja.

Hatimaye treni ilipiga honi. Silvesta alitoka, akasimama mbele ya gari ili aonekane. Watu walishuka na mizigo yao. Mwisho kabisa alishuka Dina, mtoto mgongoni. Alimwona baba yake, akasimama mbali, hasogei.

Silvesta alimfuata akichechemea.

"Karibu nyumbani, mwanangu," alisema. "Na Manyanda, mkwe wangu, hajambo?"

Dina aliangua kilio. "Hajambo, baba. Anakusalimu."

Hiyo ilikuwa salamu yake mwenyewe, siyo ya shangazi wa Tanga.

Dina aliingia akakaa kiti cha kushoto, mtoto mapajani. Akaliona tundu.

"Wameiba redio?"

"Iko barazani. Majirani wanaisikiliza, wanakungoja."

Mkononi Dina alikuwa bado ameshika tiketi ya kurudi. Aliikunja ikawa ndogo, akaitumbukiza ndani ya lile tundu. Mzee Silvesta akazungusha ufunguo, na injini ikawaka.