Nani Alikukanyagia Siku Ile?

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Mara tatu, halafu shikilia. Usiachie mpaka nikwambie."

Mama Kinda, kwenye kiti cha dereva, akakanyaga pedali ya breki mara tatu, akashikilia. Fundi alikuwa amelala chali chini ya gari, uani kwake, mgongo juu ya kipande cha boksi, spana namba kumi mkononi. Kwenye nati ndogo nyuma ya gurudumu alikuwa amechomeka mpira mwembamba unaoonyesha ndani, na mwisho wa mpira ameutumbukiza kwenye chupa ya mafuta ya breki. Akalegeza nati. Mafuta yakatoka na mapovu yake, yakapita ndani ya mpira kama shanga kwenye uzi.

"Inazama," alisema mkewe kule juu. "Mguu unakwenda chini wenyewe."

"Iache izame. Ndiyo upepo unatoka kwenye breki, ukibaki humo hazishiki. Ikifika mwisho kaa hapo hapo."

Akakaza nati. "Achia."

Ilikuwa Alhamisi mchana, na harusi ni Jumamosi.

Gari lenyewe lilikuwa Toyota Selika la zamani, milango miwili, pua ndefu, taa nne mbele. Lilikuwa la marehemu, mume wa kwanza wa Mama Kinda, ambaye watu walimwita Mshale kwa sababu hakujua kwenda polepole. Miaka tisa iliyopita aliteremka nalo kilima cha darajani, akavaa ukingo wa daraja, akafia pale pale. Askari waliandika mwendo kasi. Nani angebisha? Mtu akiitwa Mshale, hata akifa usingizini watu watasema alikuwa anakimbia.

Mjane wake naye hakubisha. Siku Kinda alipozaliwa, Mshale alimwapia mkewe kwamba hatakimbiza gari tena. Kwa hiyo mama yule alilia wiki mbili, kisha akakasirika, na hasira ile hakuiweka chini. Kaburini alikwenda siku ya maziko tu. Kila Kinda alipomtaja baba yake, mama alijibu neno lile lile: baba yako alikuwa mzembe, alituacha kwa ajili ya mwendo.

Fundi alikuwa rafiki wa Mshale na ndiye aliyemtengenezea gari. Miaka mitatu baada ya msiba alimwoa mjane. Kinda alimwita Baba Mdogo, na kusema kweli, wapo baba wazazi wasiomfikia nusu. Binti alipopata mchumba aliomba kitu kimoja tu, kwamba siku ya harusi apelekwe na gari la baba yake, na Baba Mdogo awe ndiye dereva.

Gari lilikuwa nyuma ya nyumba chini ya turubai, sakafu imeoza mpaka kuku walikuwa wanaingilia chini na kutagia kwenye kiti cha nyuma. Fundi akalifanyia kazi miezi kumi. Alikata bati bovu akachomelea jipya. Pua aliinyoosha kwa mnyororo na jeki, inchi moja kwa siku. Kabureta alizifungua, akaziosha, akakaa anazisikiliza kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Mama Kinda ni fundi cherehani, akashona viti upya kwa ngozi ya bandia nyekundu iliyokoza. Walikuwa na raha miezi ile. Jirani alipochungulia na kuuliza kama hilo ni gari au ni banda la kuku lenye usukani, Mama Kinda alimjibu kwamba alete mayai yake, yatapelekwa mjini kwa mwendo wa haraka.

Breki ndizo Fundi aliziacha mwisho. Alikuwa amepanga kumwita mwenzake wa gereji, lakini mwenzake alipiga simu kwamba hataweza kufika kabla ya Jumapili. Mama Kinda akasema ana mguu wake mwenyewe, umekanyaga cherehani miaka ishirini, hautashindwa na breki. Fundi akasitasita. Angekataa kwa sababu gani?

Walikuwa wamemaliza gurudumu la kwanza. Simu ya Fundi ililia juu ya dashibodi, mkewe akamsomea ujumbe:

"Baba Mdogo, shoga zangu wanasema gari litazimika njiani nifike harusini nikilisukuma na shela. Waambie."

"Mjibu," alisema Fundi akihamia gurudumu la pili. "Mwambie anunue viatu vya kusukumia, tahadhari si woga."

Mama Kinda akacheka, akaandika, akarudisha mguu. Akakanyaga mara tatu, akashikilia. Nati ikalegezwa, mguu ukazama mpaka mwisho. Akiwa ameushikilia hapo chini akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea tu:

"Kumbe kazi hii haifanywi na mtu mmoja."

"Haifanywi," alijibu Fundi.

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Fundi akatazama mpira. Mafuta yalikuwa yamesimama.

"Fundi."

Miaka sita ya ndoa hakuwa amemwita hivyo. Alimwita baba, alimwita mume wangu, akiwa na hasira alimwita wewe bwana. Fundi lilikuwa jina la gereji.

"Nakusikia."

"Siku ile marehemu aliponituma kwako kuchukua gari, siku aliyokufa, msaidizi wako alikuwa amekwenda msibani. Ulikuwa peke yako."

Fundi akarudisha spana kwenye nati.

"Kulikuwa na mpini wa fagio. Umeuegemeza kwenye kiti, umeubana kwenye pedali. Nikakuuliza, huyu nani? Ukaniambia huyo ndiye msaidizi wangu leo, hali wala haombi ruhusa. Tukacheka."

"Ndiyo."

"Nani alikukanyagia siku ile?"

Kwa miaka tisa alikuwa akijua swali hili litakuja, akadhani litakuja na kelele, na watu, na vidole vya kumnyooshea. Halikuja hivyo. Lilikuja uani mchana, na kuku wanapekua.

"Mpini," alisema.

"Na mpini ukashikilia?"

"Uliteleza. Nati ikiwa wazi."

"Nikiachia mguu wangu sasa hivi, kabla hujafunga, nini kitatokea?"

"Upepo utarudi ndani."

"Kama siku ile."

"Kama siku ile."

"Na ulijua?"

"Pedali ilikuwa laini. Niliikanyaga nikaona ni laini. Nikajiambia ni upepo kidogo, gari litafika nyumbani, kesho atanirudishia nimalizie. Mshale alikuwa anapiga simu kila dakika, ana haraka."

"Ukanipa funguo."

"Nikakupa funguo."

"Mimi. Mkononi mwangu. Nikampelekea."

Fundi akaanza kujivuta atoke chini ya gari.

"Baki huko huko," alisema mkewe. "Nikikuona uso sitamaliza. Funga nati, mguu unaniuma."

Akafunga. Akasema achia.

"Yamebaki magurudumu mangapi?"

"Mawili."

"Haya. Mwanangu atapanda gari hili."

Wakamaliza yale mawili. Kanyaga. Nimeshika. Achia. Kazi ya magurudumu yale mawili ilikuwa safi kuliko kazi yoyote aliyowahi kuifanya Fundi, kwa maana mguu ule juu haukutetereka hata mara moja. Juu yake kulisikika kitu kinadondoka kwenye sakafu mpya ya gari, tone baada ya tone. Fundi aliangalia kama ni mafuta ya breki. Hayakuwa mafuta.

Alipotoka, mkewe alikuwa amesimama kando ya mlango, viatu mkononi.

"Miaka tisa namwita mzembe," alisema. "Mbele ya mtoto wake. Nimemnyima hata dua. Na wewe umekaa unanisikiliza, unaniletea leso."

Fundi akajifuta mafuta mikononi kwa shati.

"Hukutaka kuniambia hata siku moja?"

"Nilikuja kukuambia wiki ya pili baada ya msiba. Nikakuta bati linavuja, mmeweka masufuria sakafuni. Nikasema nitengeneze bati kwanza. Nikarudi tena, mkanda wa cherehani umekatika. Nikarudi, mlango haufungi. Kila nilipokuja kusema nilikuta kitu kimeharibika."

"Na kunioa? Nako kulikuwa kutengeneza?"

"Hapana. Hapo nilikuwa nimekupenda. Hapo ndipo nikawa siwezi kusema kabisa."

Mama Kinda akaviweka viatu chini.

"Nakuamini," alisema.

Fundi aliona heri angemtukana.

Akampa masharti yake akiwa amesimama pale pale. Jumamosi Fundi ataendesha, kwa sababu mtoto ameomba hivyo na hana kosa. Hakuna atakayeharibiwa harusi. Kinda akishakaa kwake na kutulia, Fundi atakwenda kumwambia mwenyewe, kwa mdomo wake, kama alivyoambiwa yeye leo. Fundi akaahidi. Usiku ule na uliofuata Mama Kinda alilala chumba cha cherehani, akawaambia wageni kwamba anamalizia gauni. La kuvunda halina ubani, lakini siku mbili alilifukizia.

Jumamosi gari liliwaka mara moja. Lilitoka uani linang'aa, na yule jirani wa mayai akapiga makofi. Kinda alikaa nyuma, shela limejaa kiti kizima, analia na kucheka kwa wakati mmoja, anagusa kila kitu alichokigusa baba yake. Mama alikaa mbele, kushoto kwa dereva, mikono mapajani.

Kwenda ukumbini ilibidi wateremke kilima cha darajani. Fundi alishuka kwa gia ya pili. Alikanyaga breki mapema, mbali kabisa na daraja, na pedali ikasimama juu, ngumu, ikashika. Gari likatulia kama ng'ombe aliyefugwa vizuri. Ndipo akatupa jicho kushoto. Mguu wa kulia wa mkewe ulikuwa umenyooka, umekandamiza sakafu tupu, kisigino kimechimba zulia.

Kinda naye aliona.

"Mama, unakanyaga nini huko? Huko hakuna breki."

Mama Kinda akacheka. Alicheka vizuri, kwa ajili ya mtoto.

"Mazoea ya cherehani," alisema.

"Imeshika," alisema Fundi polepole.

"Nimeona. Tazama mbele."

Harusi ilikwenda salama. Walipiga picha pembeni ya gari, Kinda katikati yao, na katika picha hizo hakuna atakayeona kitu. Maharusi walipokwisha kuondoka na watu kuanza kutawanyika, jua bado lipo, Mama Kinda alimfuata Fundi pale alipoegesha. Alikuwa na mkoba mdogo wa safari ambao asubuhi Fundi hakuuona.

Akanyoosha mkono. "Nipe funguo."

Fundi alizitoa. Zilikuwa zile zile, na kibati chake kile kile kilichopinda. Akasimama nazo.

"Nipe mimi tena," alisema mkewe. "Safari hii nazipeleka salama."

Akamwekea mkononi. "Pedali iko juu, usiikanyage kwa nguvu."

"Nimeikanyaga mwenyewe magurudumu manne. Naijua."

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mume wangu. Nimemkosea, nakwenda kumwomba radhi."

Akaingia, akavuta kiti mbele, akawasha. Fundi akasimama na suti yake akisikiliza kabureta zile zikipanda barabara mpaka zikapotea. Alizipanga vizuri, hazikukohoa.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Alikuwa bado hajavua viatu simu ilipolia. Akausoma ujumbe akiwa amesimama jikoni:

"Nimefika makaburini. Nimemwambia hakuwa mzembe, na kwamba funguo nilimpelekea mimi bila kujua. Nimekaa naye. Sasa nakwenda kwa dada yangu, nitakuwa huko. Mwambie Kinda ukweli kama ulivyoahidi. Mimi usinifuate kabla ya hapo. Na siku utakayokuja usije kutengeneza kitu. Spana acha nyumbani. Njoo na mdomo tu."

Akatia mkono mfuko wa koti. Spana namba kumi ilikuwemo. Alikuwa nayo harusini kutwa nzima, wala hakujua aliitia saa ngapi. Akaiweka mezani.

Bomba la jikoni lilikuwa linadondosha maji. Lilianza Jumatatu, mkewe akamwambia, naye akasema atalifunga gari likiisha. Tone. Tone. Ni kazi ya dakika mbili, kubadilisha kipira tu, na kipira kilikuwepo kwenye droo.

Fundi akavuta kiti, akakaa, akaliacha lidondoke. Akaanza kutafuta maneno ya kumwambia mtoto.