Muhuri wa Siku ya Kaisari

Chumba cha nyuma kilabuni kwa Mwaisha hakikuwa na dirisha. Ndiyo maana walikipenda. Mbele watu wanakunywa pombe ya mtama, wanagombana, wanaimba. Nyuma wanaume wanne wamechuchumaa, katikati yao kitonge cha nta ya nyuki.

Jumapili. Saa tisa mchana. Kesho yake ndiyo sikukuu ya kuzaliwa Kaisari wa Wadachi, yaani Wajerumani.

Kwenye nta ile palikuwa na alama ya ufunguo. Mwaisha alikuwa akimfulia bwana wa shamba la mkonge, kule upande wa Kingolwira, yule waliyempa jina la Bwana Miwani. Siku moja akakuta ufunguo wa ofisi umesahauliwa kwenye suruali. Akaukandamiza kwenye nta, akaurudisha, akaendelea kufua. Hakuna aliyemwona.

"Umetoka?" Kibwana, mkubwa wao, akauliza.

Mikidadi akafungua fundo la nguo yake, akatoa kipande cha chuma. Kwao milimani walikuwa wahunzi tangu babu wa babu. "Umetoka. Nimeukwangua siku tatu. Kufuli likikataa, basi kufuli ndilo baya."

"Fedha ziko wapi humo ofisini?" Huyo ni Dominiko, mrina asali, mtu mwembamba wa Bigwa, hakuna mti alioshindwa kuupanda. Hata nta ile ilitoka kwake.

"Fedha usiziguse," Kibwana akasema. "Hata likiwa sanduku wazi."

"Sasa tunaiba nini, mjomba?"

"Siku."

Ngoja nieleze hapa, wajukuu zangu, maana nyinyi mmezaliwa mkakuta kalenda ina siku nyekundu, mnalala mpaka jua linawaka na mshahara uko pale pale. Zamani zile mfanyakazi alikuwa na kadi ya vyumba thelathini. Umefanya kazi leo, unapigiwa muhuri mmoja, picha ya ndege wa Wadachi, wino wa zambarau. Vikijaa thelathini unalipwa, unakwenda kwenu. Havijajaa, huendi popote. Ukienda unafuatwa na askari, unarudishwa na mnyororo shingoni, unalazwa chini, hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano. Na kadi zenyewe hukai nazo. Zimo kwenye sanduku la bati, ofisini.

Sasa sikukuu. Krismasi, marufuku kufanya kazi. Mwaka mpya, marufuku. Siku ya Kaisari, marufuku. Ukishika panga unafokewa. Ukikaa, hupigiwi muhuri. Na asiye na muhuri siku hiyo hana posho ya unga. Hiyo ndiyo iliyoitwa mapumziko.

"Mimi," Mikidadi akasema, "Idi yangu nimeikatia mkonge toka asubuhi. Nyapara Rehani ananiambia Idi yenu haimo kwenye karatasi. Haya. Ikaja Krismasi ya huyu Severini, nikalazwa na njaa. Mimi na Krismasi tuna udugu gani?"

"Unadhani mimi nilikula?" Severini akajibu. Alikuwa amesoma misheni miaka miwili, ndiye pekee aliyejua kusoma majina. "Nimeimba misa tumbo linalia kuliko kinanda."

Wakacheka kidogo. Kibwana hakucheka.

Kibwana kadi yake ilikuwa na mihuri ishirini na saba. Siku zimebaki tatu, na tatu zenyewe ni hizo hizo: Krismasi, mwaka mpya, Kaisari. Na kule mlimani kulikuwa na binti wa dada yake, jina lake Mosi, mwali, yumo ndani tangu masika ya mwaka wa nyuma. Jua halijamgusa. Kwetu Uluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mwali hutolewa na mjomba wake. Mjomba anaingia, anambeba begani, anamtoa nje, ngoma inalia. Hayupo mjomba, hatoki mwali. Pombe ilishapikwa mara moja wakati wa Krismasi, ikachacha, ikamwagwa. Sasa imepikwa tena. Siku iliyopangwa ni Jumatano. Wazee wamesema asipokuja Jumatano, mtoto anabaki ndani mpaka mavuno mengine.

Mosi huyo ndiye mama yangu mzazi.

"Kesho saa nane michezo inaanza," Kibwana akasema. "Mti unapakwa mafuta ya ng'ombe, juu kunafungwa shuka. Wote watakuwa pale. Bwana, Rehani, askari. Dominiko, unapanda, unateleza. Unapanda, unateleza. Wachekeshe. Sisi tunaingia ofisini, tunapiga mihuri, tunafunga, tunarudi kucheka na wenzetu."

"Na nikifika juu?"

"Usifike. Ukifika mchezo umekwisha, watu wanatawanyika, sisi tumo ndani. Ukiona hatari piga mbiu yenu ya mdomo, ile ya warina asali. Tutaisikia."

Dominiko akaitazama mikono yake. Kadi yake ilikuwa na ishirini na tisa. Muhuri mmoja tu. Mkewe Regina alikuwa amejifungua kule Bigwa, mtoto ana majuma matatu, hajamwona.

"Sawa, mjomba," akasema.

Saa mbili asubuhi. Jumatatu. Bendera ikapandishwa. Watu zaidi ya mia wamesimama juani, matumbo matupu. Bwana Miwani akasema maneno mengi, Rehani akayageuza yakawa machache: "Leo Kaisari amewapa mapumziko! Semeni hura!"

"Hura."

"Kwa nguvu!"

"Hura!"

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Na kadi, nyapara?"

Rehani akageuka na kiboko mkononi. "Nani kasema?"

Kila mtu akaitazama bendera. Wakaambiwa wapige hura ya tatu.

Saa nane mchana. Kipande cha reli kilichoning'inizwa mlangoni kwa nyapara kikagongwa mara nane. Watu wakauzunguka mti. Watatu wakajitoa mmoja mmoja. Kibwana alishika tumbo. Severini alisema anakwenda kusali. Mikidadi alikwenda tu.

Kufuli halikukataa. Mlango ukafunguka, ukatoa harufu ya wino na tumbaku. Sanduku la bati likakutwa chini ya meza, muhuri kwenye droo. Severini akamwaga kadi mezani.

"Tafuta ya Dominiko," Kibwana akasema.

"Kwanza yako, mzee. Wewe ndiye wa Jumatano."

"Dominiko yuko juani anatutazamia. Anza na yake."

Severini akaiona. Muhuri ukagonga mara moja, tap. Kadi imejaa. Akaiweka juu kabisa, karibu na mfuniko.

"Sasa yako."

Hapo Mikidadi akaweka mkono wake mkubwa juu ya meza. "Tukipiga zetu tu, jioni tutajulikana. Nne zimejaa, mia moja hazijajaa. Rehani atauliza nani na nani. Tupige za wote, tatu tatu. Atamfunga nani, shamba zima?"

"Hatuna muda huo."

"Na wale walionyimwa unga leo? Siyo watu?"

Kibwana akaugeuza muhuri mkononi. Alijua angeweza kupiga tatu zake akatoka. Jumatano angekuwa mlimani. Alikuwa na hasira, lakini hakujua amkasirikie nani. Mikidadi alisema kweli.

"Piga," akasema. "Yangu ya mwisho. Haraka."

Tap, tap, tap. Severini anasoma, Mikidadi anageuza, Kibwana anapiga. Jasho linadondokea wino.

Saa nane na nusu. Sasa twende mtini.

Dominiko alipanda, akateleza, akaanguka kwa matako. Watu wakapiga kelele. Akapanda tena, akashuka kichwa chini. Hata Bwana Miwani alivua miwani akafuta machozi ya kicheko. Alikuwa ameshakunywa. Akasimama juu ya kiti, akasema neno, Rehani akalitangaza:

"Bwana ameongeza zawadi! Atakayefika juu anapata shuka, na siku ya leo atapigiwa muhuri! Siku ya kupumzika, na imehesabiwa!"

 Watu wakaguna wote kwa pamoja, kama ng'ombe walionusa maji. Jambo hilo halijapata kutokea pale.

Kina Kibwana hawakulisikia. Ofisi iko nyuma ya mabanda ya kukaushia.

Dominiko alisikia. Alisimama chini ya mti, mafuta mpaka kwenye kope. Muhuri mmoja. Wa bwana mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya watu. Siyo wa kuiba. Kule ofisini labda wamekwama mlangoni. Labda wameshamaliza, nani ajuaye. Mtoto wa majuma matatu.

Akachota mchanga. Akajipaka mikononi, akajipaka mapajani. Warina asali wanajua: mchanga unakula mafuta. Alikuwa anajua tangu asubuhi.

"He! Huyu sasa anapanda kweli," mtu akasema.

Akapanda. Hakuteleza. Akafika juu, akaifungua shuka, akaishika kwa meno kwa sababu mikono yote miwili imekumbatia mti. Watu wakalipuka kwa shangwe.

"Leteni kadi yake!" Bwana Miwani akapiga makofi. "Na muhuri! Apigiwe hapa hapa!"

Rehani akachukua askari wawili. Wakaanza kutembea kwenda ofisini.

Kutoka juu ya mti Dominiko aliona kila kitu. Aliona paa la ofisi. Aliona mlango umeachwa wazi kidogo. Aliona kofia nyekundu ya Rehani inakata kona ya banda la kwanza. Mbiu ilikuwa pale pale kooni. Lakini shuka iko mdomoni. Akifungua mdomo, shuka inaanguka, na kanuni ya mchezo ni kwamba zawadi iliyoanguka imepotea, na muhuri pamoja nayo.

Kofia ikapita banda la pili.

Akauma meno.

Kofia ikapita banda la tatu, na hapo Dominiko akafungua mdomo, akapiga mbiu mpaka ndege wakaruka. Shuka ikashuka polepole, ikamfunika mama mmoja kichwani, watu wakacheka. Rehani alikuwa ameshaweka mkono mlangoni.

Ndani zilibaki kadi tatu. Mikidadi alimpiga Rehani kwa sanduku la bati, meno mawili yakatoka. Akaruka dirishani. Askari akafyatua. Mikidadi alikimbia mpaka mtoni na damu inamtoka pajani, akavuka, hakuonekana tena. Wengine wanasema alifika Kilosa, wengine wanasema mto ulimchukua. Severini alipiga magoti akainua mikono. Kibwana alikuwa ameshika muhuri. Kadi yake mwenyewe ilikuwa mbele yake mezani. Ishirini na saba. Wino haujagusa.

"Ungepiga yako kwanza, mzee," Severini akanong'ona.

"Funga mdomo, mwanangu."

Saa tisa. Wakaletwa mtini wamefungwa kamba. Askari akamkabidhi Bwana Miwani kadi ya Dominiko, ile iliyokuwa juu kabisa. Bwana akavaa miwani. Akahesabu vyumba kwa kidole. Akahesabu tena.

"Hii imejaa," akasema.

Rehani akageuza maneno, mdomo unavuja damu: "Imejaa."

Dominiko alikuwa ameshashuka. Alimtazama Kibwana. Kibwana akamtazama yeye.

"Ndiyo ya kwanza tuliyopiga," Kibwana akasema. "Nilidhani unaungua jua."



Bwana Miwani alichoma kadi zote jioni ile. Zote mia na ushei. Shamba zima likaanza upya, chumba cha kwanza. Severini na Kibwana wakalazwa, hamsa ishirini kila mmoja, halafu mnyororo miezi minane kwenye kazi ya barabara. Dominiko hakupigwa. Bwana alisema ndiye aliyepiga kelele ya kuwafichua wezi. Akamrudishia shuka yake, akampa na ruhusa ya kwenda kwao.

Jumatano ikafika. Pombe ikachacha mara ya pili. Mama yangu aliniambia alikaa siku ile amevalishwa shanga, amepakwa mafuta, anasikiliza mlango. Jioni bibi akaja akamvua shanga moja moja. 

Alikaa ndani miezi minane mingine. Siku Kibwana aliporudi alikwenda nyumbani kwa dada yake moja kwa moja, hata maji hakunywa. Akaingia chumbani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Panda begani."

Akainama. Mgongo ukakataa. Akajaribu tena, akashika ukuta. Mama akamshika mkono, akamwambia, "Twende hivi hivi." Akatoka kwa miguu yake, mwali wa kwanza ukoo ule kutoka akitembea. Wazee wakanung'unika. Ngoma ikalia.

Dominiko alisimama mbali, kwenye migomba, shuka imekunjwa kwapani. Alikuwa ameileta iwe ya mwali. Kibwana alimwona. Hakumfukuza, hakumwita. Jua lilipozama Dominiko akaondoka nayo.

Januari ikarudi, Kaisari akazaliwa tena. Bendera ikapanda, hura tatu zikapigwa, unga haukutoka. Saa nane mti ukapakwa mafuta, juu ikafungwa shuka mpya. Bwana Miwani akatangaza zawadi ile ile: atakayefika, siku yake imehesabiwa. Akapuliza filimbi.

Hakutoka mtu.

Akapuliza tena. Watu zaidi ya mia wakakaa chini pale pale, wamekunja mikono, wanautazama mti. Mmoja tu akasema, kwa sauti ya kawaida:

"Leo si tunapumzika?"