Sura ya Ishirini Haipo

Haya yafuatayo ni kweli tupu. Hayakutiwa chumvi hata punje. Msimulizi ameapa mbele ya shahidi mmoja kwamba likipatikana humu neno la uongo, ataosha vyombo vya nyumba nzima mwezi mzima bila kunung'unika.

Inspekta alifika saa tatu asubuhi. Mwenye nyumba alimpokea mlangoni. Alikuwa mwandishi wa riwaya za upelelezi, mrefu kama mlingoti, mwenye vitabu thelathini na kimoja sokoni. Wasomaji walimwita Mzee Mafundo, kwa kuwa visa vyake hufungwa mafundo ambayo hakuna ajuaye yatafunguliwaje mpaka ukurasa wa mwisho.

"Nimeibiwa, Afande," alisema. "Wamechukua sura ya ishirini."

"Sura moja tu?"

"Ya mwisho. Muuaji yumo humo."

Chumba cha kazi kilikuwa kidogo: meza, mashine ya kuchapa, rafu ya vitabu, kabati la droo tatu. Droo ya juu ilikuwa wazi, kitasa chake kimechokolewa. Sura kumi na tisa zilikaa mezani zimefungwa uzi. Katikati kabisa ya zulia, mahali ambapo hata kipofu angekikanyaga, kililala kibanio cha nywele cha kike.

Inspekta hakukigusa. Alikizunguka mara mbili, kama mteja anayekagua kiatu asichokiamini.

"Nani mwingine ana ufunguo wa nyumba?"

"Mke wangu." Mzee alishusha pumzi. "Yuko kwa dada yake mwezi wa pili huu. Sipendi kumtaja, Afande. Lakini kibanio ni chake."

"Mligombana?"

"Kawaida tu. Vikombe vya kabati moja havikosi kugongana."

"Mswada unatakiwa lini?"

"Keshokutwa. Mchapishaji ameshatangaza. Nina miaka sabini na moja. Kitabu hiki kisipotoka, jina langu ndio limezikwa. Lakini mtu akiibiwa afanyeje?"

Alilisema hilo kwa utulivu uliozidi kidogo. Inspekta aliuweka pembeni utulivu ule, akamwita mtaalamu wa alama za vidole.

Mtaalamu alipuliza unga wake, akamulika, akaguna. Bisibisi iliyokutwa chini ya meza ilikuwa imefutwa. Kisha akampa Inspekta kioo cha kukuzia.

"Tazama, Afande. Ulimi wa kitasa umetoka nje. Lakini ubao unaoupokea hauna hata mkwaruzo."

"Maana yake?"

"Droo ilifunguliwa kwanza. Ndipo ikavunjwa."

Inspekta alitia kibanio kwenye mfuko wa vielelezo, akaenda kwa huyo dada.

Mke wa Mzee alikuwa sebuleni akipiga pasi mashuka. Alikitazama kibanio kupitia plastiki.

"Unakijua, Mama?"

"Changu. Nilikiacha bafuni kwetu." Akavua kitambaa cha kichwani. Kichwa kilikuwa kimenyolewa, kinang'aa kama sahani. "Nilinyoa wiki niliyohamia hapa. Ningekibania wapi, kwenye sikio?"

"Mumeo hajui kwamba umenyoa?"

"Angejuaje? Hajaja hata mara moja."

"Sura ya ishirini unayo wewe?"

Mama alisimamisha pasi. "Mwulize yeye inaanza na neno gani. Halafu uje tunywe chai."

Inspekta alirudi nyumba ya kwanza pamoja na Mama, akamwomba asubiri ukumbini. Hakumwuliza Mzee neno lolote. Aliinua kifuniko cha mashine ya kuchapa, akachomoa utepe. Ulikuwa utepe wa kupita mara moja tu. Kila herufi inayogongwa huacha umbo lake. Mtaalamu aliuning'iniza dirishani, akausoma kutoka mwisho.

Maneno ya mwisho, ya kufunga sura ya kumi na tisa, yalikuwa haya: *Mpelelezi akawatazama wote watano, akanyoosha kidole, akasema*

Baada ya hapo utepe ulikuwa mzima, mweusi tii.

"Alisema nini, Mzee?"

Mzee aliukodolea macho utepe.

"Muuaji ni nani?"

Mzee Mafundo alikaa kwenye kiti chake. Aliitazama mashine kama punda anavyoutazama mlima.

"Sijui," alisema. "Sijawahi kujua. Vitabu vyote vile, mimi nafunga, yeye anafungua. Nampa sura kumi na tisa. Anazisoma akipiga pasi. Siku ya tatu ananiletea ya ishirini."

"Na ugomvi?"

"Aliomba jina lake likae kwenye jalada. Nikamwambia gari haliendeshwi na madereva wawili. Akasema, haya, endesha. Akafunga sanduku."

"Ukaamua kumsingizia wizi."

"Sikutaka afungwe, Afande. Nilitaka mumlete hapa kwa mahojiano. Aione meza. Azione kurasa. Asingeweza kuzipita bila kuzisoma, namjua."

"Halafu?"

Mzee alifikiri. "Sikufika huko."

"Kosa lako limetungwa vizuri," Inspekta alisema, "ila halina mwisho. Taarifa ya uongo kwa polisi nayo ni kosa, na aliyesingiziwa yuko mlangoni. Tumsikilize."

Mama alikuwa amesimama pale muda wote. Aliingia, akachukua karatasi nyeupe, akamwekea mumewe mbele pamoja na kalamu.

"Jalada," alisema.

Mzee aliandika jina lake, na chini yake la mkewe. Mama hakuondoa macho. Mzee akachukua karatasi nyingine, akaanza na la mkewe.

"Ni daktari," Mama alisema, akivuta kiti. "Anajulikana tangu sura ya nne. Nipishe."

Inspekta aliandika onyo kali kwenye jalada la kesi, akaomba Mzee amtilie sahihi vitabu vyake vyote thelathini na kimoja, akampigia saluti na kuondoka akifuta chozi.

Hapo ndipo msimulizi alipoweka nukta. Bahati mbaya, msimulizi ni Mzee Mafundo mwenyewe, na shahidi wa kile kiapo ni mkewe, ambaye alikuwa akisoma juu ya bega lake.

"Vitabu ni kumi na saba," alisema. "Inspekta hakusoma hata kimoja, aliniambia yeye ni mtu wa redio. Chozi ulitoa wewe, tena si moja. Na mlingoti gani huo, mume wangu, unaopanda stuli kufikia rafu ya pili?"

Aya hii, kama miisho yote ya Mzee Mafundo, imeandikwa na mkewe. Mwenyewe yuko jikoni, povu mpaka kwenye viwiko. Leo ni siku ya nne, na ameanza kuuliza kama sufuria nazo zinahesabiwa vyombo.